Lami ya povu na umri wa kusingiziwa

Pasha moto ndoo ya chuma, kisha mwagia ndani yake nusu kilo ya bitumeni, ile gundi nyeusi ya barabara, iliyo kwenye nyuzi joto 170 za Selsiasi. Inapotoka kwenye pua ya mashine, idungwe maji baridi gramu 10 tu. Bitumeni hiyo ingelala chini ya ndoo ikiwa na kimo kisichofika sentimita moja. Badala yake inafura kwa mpigo mmoja na kupanda mara 10, hata mara 15 ya ujazo wake. Fundi wa maabara anashusha kijiti chenye alama, anasoma kimo cha juu kabisa na kubonyeza saa. Povu linachachatika, linanywea. Likifika nusu ya kimo anasimamisha saa: sekunde 8, sekunde 10, ukibahatika 12. Subiri kidogo tena, na ndani ya ndoo imebaki bitumeni ile ile uliyoanza nayo, imetulia, nyeusi ti.

Nimelitazama jambo hili mara nyingi na bado linanivuta. Ndiyo maana naumia ninaposikia barabara ikiharibika mapema na watu wa fani yetu wakikimbilia kusema "lile povu". Kitu kilichoishi sekunde 10 kinawezaje kubebeshwa lawama za miaka 10? Msimamo wangu ni huu: povu lenyewe karibu halibadilishi chochote katika maisha marefu ya lami. Kinachoyabadilisha ni joto ambalo povu linaturuhusu kulishusha, pamoja na unyevu tunaousahau kwenye kokoto. Na mara nyingi tunashindwa kuliona hilo kwa sababu maabara zetu huipa lami ya povu umri usio wake kabla hazijaipima.

Niweke sawa maneno kwanza. Kwenye mazungumzo ya kila siku, lami ni jina la vitu viwili: ile gundi nyeusi itokayo kwenye mafuta ghafi, na ule mchanganyiko wa gundi, kokoto, mchanga na vumbi la mawe unaotandazwa barabarani. Hapa gundi nitaiita bitumeni, na mchanganyiko nitauita lami.

Wazo la kuipa bitumeni povu ni la zamani. Mwaka 1956 Ladis Csanyi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, Marekani, alipuliza mvuke ndani ya bitumeni ya moto akapata povu lililoshikana vizuri hata na udongo na changarawe hafifu. Mvuke ulihitaji boila na mabomba mazito, kazi ngumu kwenye eneo la ujenzi. Mwaka 1968 kampuni ya Mobil nchini Australia ilichukua haki za uvumbuzi huo, ikaweka maji baridi mahali pa mvuke. Tangu hapo povu limeshika njia mbili. Ya kwanza ni ya baridi: tabaka la chini la barabara kuukuu linachimbuliwa, linasagwa na kuchanganywa na bitumeni yenye povu bila kokoto kupashwa moto. Ya pili ilishika kasi baada ya miaka ya tisini, Ulaya ilipoanza kutafuta jinsi ya kupunguza moshi na mafuta yanayochomwa na mitambo ya lami. Hiyo ndiyo lami vuguvugu: kokoto zinapashwa moto, lakini si kwa kiwango kilichozoeleka. Mjadala wa leo unahusu zaidi hii ya pili.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo iliyonishawishi mimi kuliko maelezo yote. Chukua tani moja ya lami yenye bitumeni asilimia 5. Hiyo ni kilo 50 za bitumeni. Maji ya povu kwa lami vuguvugu mara nyingi huwa asilimia 1 hadi 3 ya uzito wa bitumeni, tuseme 2. Unapata kilo moja ya maji, yaani lita moja kwa tani nzima. Lita hiyo ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 100 inajaza takriban lita 1,700, ndiyo maana bitumeni inafura vile. Sehemu kubwa ya mvuke huo inatoka hewani wakati kokoto zinapakwa na lami inapakiwa kwenye malori.

Geukia upande wa pili wa tani hiyo hiyo. Kuna kilo 950 za kokoto na mchanga. Kama zimetoka kwenye pipa la kukaushia zikiwa na unyevu wa nusu asilimia tu, zimebeba karibu kilo 5 za maji. Mara tano ya maji ya povu! Tena maji hayo hayakai juu juu. Yamejificha kwenye vinyweleo vya jiwe. Bitumeni inakuja kulifunika jiwe, maji yanabaki ndani, na siku jua likiwaka au gurudumu zito likipita yanasukuma kutafuta mlango wa kutokea. Mlango wenyewe ni pale jiwe na bitumeni vinaposhikana. Kokoto inavuliwa bitumeni yake kutokea ndani, na anayetazama juu ya barabara haoni kitu mpaka shimo litokee.

Kwa hiyo mtu akiniambia kuwa maji ya povu yameoza barabara, namuuliza kwanza unyevu wa kokoto siku ile ulikuwa kiasi gani, na kama lundo la mchanga lilifunikwa wakati wa mvua. Mtambo unaochoma moto kidogo hukausha kidogo. Anayeshusha joto kwa nyuzi 30 bila kuongeza muda wa kokoto ndani ya pipa, au bila kufunika malundo yake, amejiletea maji mwenyewe.

Turudi kwenye umri. Kufura kwa povu ni tendo la kimaumbile: maji yanageuka mvuke, vipovu vinazaliwa, kuta zake nyembamba zinatandaa juu ya mawe, kisha vinapasuka. Vilivyo vidogo mno hubaki ndani ya bitumeni kwa muda na kuilainisha lami mkononi mwa wanaoitandaza, ndiyo faida tunayoitafuta. Muundo wa bitumeni haujaguswa kwa kiasi cha kutajwa. Kuzeeka ni habari nyingine kabisa, ni kemia. Oksijeni ya hewani inaungana na molekuli za bitumeni. Sehemu za mafuta mafuta, zile zinazoipa ulaini, zinapungua. Resini na asfaltini, zile sehemu nzito na ngumu, zinaongezeka. Ukiipima kwa mwanga wa infraredi unaona alama za kabonili na salfoksaidi, viungo vilivyobeba oksijeni hiyo, zikipanda. Bitumeni inakakamaa, inapoteza uwezo wa kunyooka na kurudi, na siku ya baridi inapasuka badala ya kuvutika.

Saa mbaya kuliko zote katika maisha ya bitumeni ni zile za mwanzo. Ndani ya mtambo inatandazwa juu ya mawe kama utando wenye unene wa maikromita 8 au 10, hewa imeizunguka kila upande, na joto ni nyuzi 150 hadi 170. Kwa dakika chache hizo, pamoja na muda wa ghalani na safari ya lori, mnato wake unaweza kuongezeka mara mbili au tatu. Kasi ya kuungana na oksijeni, kwa kanuni ya makadirio wanayoitumia wakemia, huongezeka karibu mara mbili kila joto linapopanda nyuzi 10. Anayechanganya lami kwenye nyuzi 130 badala ya 160 ameipunguza kasi hiyo mara 8. Hata ukiibana hesabu hiyo kwa tahadhari, punguzo linabaki kuwa la mara kadhaa. Bitumeni inafika barabarani ikiwa kijana.

Hapo ndipo faida ya povu kwa umri ilipo, na inamtegemea anayeshika kipimajoto. Nasisitiza hili kwa sababu kuna mitambo mingi iliyofungwa mashine ya povu huku joto la kazi likiwa halijashuka hata nyuzi tano. Mkandarasi anatumia povu ili lami ishindilike kwa urahisi, au ili lori liende mbali bila mzigo kuganda. Ni matumizi halali, wala simlaumu. Lakini lami hiyo imeoka kwenye joto lile lile la zamani, imezeeka vile vile, na hakuna sababu ya kutegemea iishi kijana. Ukija baada ya miaka mitano ukaipanga kwenye jedwali moja na lami iliyochanganywa kweli kwenye nyuzi 130, zote zikiitwa "za povu", jedwali lako halitakwambia lolote. Neno "povu" peke yake si maelezo ya lami. Andika joto la kuchanganyia na joto la kushindilia, ndipo tuanze kuzungumza.

Ujana nao una madhaifu yake, na watetezi wa lami vuguvugu wanakosea wanapouruka ukurasa huu. Bitumeni isiyokakamaa ni laini. Malori mazito yakiikuta kwenye msimu wake wa kwanza wa joto, inasogea na kuacha mifereji kwenye njia za magurudumu. Mshiko wake na jiwe haujakomaa, na maji yakiingia mapema yanaukuta mlango umefungwa nusu. Kwenye kipimo cha Hamburg, ambako gurudumu la chuma hupita mara 20,000 juu ya sampuli iliyozamishwa kwenye maji ya nyuzi 50, lami vuguvugu mbichi mara nyingi hufanya vibaya kuliko lami moto, ile ya joto lililozoeleka, iliyotokana na kokoto zile zile na bitumeni ile ile. Matokeo hayo ni ya kweli, na mhandisi makini hawezi kuyafumbia macho.

Baadhi ya wenzangu husema basi tulegeze kipimo, kwa kuwa barabara itakomaa yenyewe baada ya mwaka mmoja au miwili. Ni kweli inakomaa. Tofauti kati ya lami moto na lami vuguvugu hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na barabara nyingi zilizofuatiliwa zimeonyesha hali zinazokaribiana. Ila siwezi kukubali kipimo kilegezwe. Magari hayasubiri mwaka upite. Barabara inafunguliwa jioni, na malori yanapita usiku ule ule. Lami laini ina dawa zinazojulikana: chokaa iliyozimwa, asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa kokoto, au kemikali ya kuimarisha mshiko, na mpangilio wa kokoto unaojibana wenyewe badala ya kuitegemea bitumeni ibebe mzigo peke yake. Afadhali kuigharamia dawa kuliko kukishusha kipimo.

Kosa letu kubwa liko kwenye oveni. Kipimo kilichozoeleka cha kuizeesha bitumeni kwa muda mfupi huitia kwenye vichupa vinavyozunguka kwa dakika 85, hewa ikipulizwa, kwenye nyuzi 163. Namba hiyo ilichaguliwa kwa kufuata joto la lami moto. Kisha kwa miaka mingi utaratibu wa Marekani uliigwa kwingi: lami iliyochanganywa inawekwa kwenye oveni saa 4 kwa nyuzi 135 kabla ya kushindiliwa na kupimwa nguvu. Fikiria sasa lami ya povu iliyochanganywa kwenye nyuzi 125. Haijawahi kuuona moto wa nyuzi 135 tangu izaliwe, nasi tunaukalisha mchanganyiko huo humo kwa saa 4, halafu tunaandika ripoti kwamba povu halina tofauti yoyote na lami moto. Tofauti ilikuwapo, tumeichoma wenyewe.

Baadaye watafiti wa huko huko Marekani walipendekeza saa 2 tu, nyuzi 135 kwa lami moto na 116 kwa lami vuguvugu. Hilo lilikuwa pendekezo la busara, na sioni kisingizio cha maabara yoyote kubaki na utaratibu wa zamani. Tatizo jingine dogo linalofanana na hilo, ambalo karibu hakuna anayeliandika kwenye ripoti, ni sampuli iliyochukuliwa mtamboni, ikapoa kwenye sanduku, ikapashwa moto tena siku tatu baadaye ili ishindiliwe. Hiyo si lami iliyotandazwa barabarani. Imeoka mara mbili, na vile vipovu vidogo vilivyokuwa vikiisaidia vimekwisha. Nimewahi kupewa mezani matokeo mawili ya lami moja, moja ikiwa imeshindiliwa mtamboni na nyingine baada ya kupashwa tena, na kwa ugumu wake ungeapa ni za mikataba miwili tofauti.

Kwa upande wa uzee wa muda mrefu mambo ni mazito zaidi. Bitumeni peke yake huwekwa kwenye chombo cha shinikizo la megapaskali 2.1, nyuzi 100, kwa saa 20, nasi huhesabu kwamba tumeiga miaka kadhaa ya barabarani. Lami iliyokwisha kushindiliwa huwekwa kwenye oveni ya nyuzi 85 kwa siku 5. Njia hii ya pili siiamini sana. Sampuli inazeeka nje na kubaki changa ndani, na wakati mwingine inalegea na kupoteza umbo. Ni bora kuizeesha lami ikiwa bado haijashindiliwa, imetandazwa kwenye trei, kwenye nyuzi 95, kwa siku nyingi kadiri ya hali ya hewa ya mahali. Kwa nini 95 na si 135, ambayo ingemaliza kazi upesi? Kwa sababu ukivuka nyuzi 100 kwa mbali kemia yenyewe inapinda. Unapata bitumeni iliyokakamaa, lakini si kwa njia ile ambayo barabara huikakamaza, na nyufa utakazozipima si zile zitakazotokea.

Barabara yenyewe huandika historia hii mahali wazi. Toboa kipande cha duara kutoka kwenye barabara ya miaka 10, kikaushe, kishike mkononi. Sentimita moja ya juu imepauka kuwa kijivu, na ukiikwaruza kwa ukucha mchanga unadondoka. Shuka sentimita nne tu, lami bado ni nyeusi, ina mng'ao, na siku ya joto inanata kidoleni. Kipande kimoja, umri mbili. Anayekisaga chote pamoja ili atoe bitumeni na kuipima anapata wastani usiokuwepo popote katika barabara ile. Kama tunataka kujua iwapo povu limeinunulia barabara miaka, tukikate kipande hicho kwa vipande vyembamba, tulinganishe juu na juu, chini na chini.

Halafu kuna hewa. Hewa iliyonaswa ndani ya lami iliyoshindiliwa ndiyo njia ya oksijeni na ya maji pia. Mwaka 1989 watafiti wa jimbo la Washington, Marekani, walikadiria kwamba kila asilimia moja ya nafasi za hewa inayozidi 7 huipunguzia lami karibu sehemu ya kumi ya maisha yake. Nadhani hapa ndipo povu linapostahili sifa ambayo haipewi. Lami inayokubali kushindiliwa ingali laini kwenye nyuzi 110 inampa mwendesha mashine muda zaidi wa kupita, hasa usiku na kwenye upepo, na hewa inayobaki ni kidogo. Barabara iliyobanwa vizuri inazeeka polepole hata kama bitumeni yake ni ya kawaida kabisa. Faida hii huenda ikazidi ile ya joto la mtamboni, lakini mkataba unaodai tu "povu litumike" bila kupima hewa baada ya kushindilia umeiacha izame.

Suala la lami kuukuu inayosagwa na kurudishwa kwenye mchanganyiko mpya linahitaji uangalifu wa peke yake. Bitumeni yake imeshazeeka, na bitumeni changa ya povu inaipunguzia ukakamavu; kwa macho ya haraka ndoa hiyo inapendeza. Ila bitumeni kuukuu inahitaji joto ili iyeyuke na kuungana na mpya. Ukishusha joto kupita kiasi inabaki imeganda juu ya mawe yake, na bitumeni mpya inapita juu tu. Kwenye karatasi una asilimia 5 ya bitumeni. Kazini una pungufu, na utando mwembamba huzeeka upesi. Kwa mchanganyiko wenye lami kuukuu nyingi, mimi nisingeshusha joto hadi pale mashine inapoweza kufika. Ningeshuka nusu ya njia.

Na kabla ya yote hayo, bitumeni yenyewe ijaribiwe kwenye ndoo. Viwanda vingine vya kusafisha mafuta huitia silikoni ili isifanye povu wakati wa usafirishaji, jambo la maana sana kwao, na shehena hiyo ikifika kwenye mtambo wa povu inakataa kufura. Fundi anaongeza maji, halafu anaongeza tena, akidhani nozeli imeziba. Dakika tano za kijiti na saa zingemwambia ukweli.

Ninachotaka kukiona kwenye masharti ya mikataba si kingi. Lami ya povu ipimwe mara mbili, ikiwa na umri mbili zilizotajwa. Ikiwa changa, ipimwe mifereji na maji, baada ya saa 2 kwenye joto linalolingana na la kazi, bila msamaha. Ikiwa imezeeshwa kwa muda mrefu kwenye nyuzi 95, ipimwe nyufa. Unyevu wa kokoto uandikwe kila asubuhi pale zinapotoka kwenye pipa. Na sampuli ichukuliwe nyuma ya mashine ya kutandaza, ipelekwe kwenye maabara ya mtamboni ikiwa bado na moto wake yenyewe, ishindiliwe kabla haijapoa.